Mafuta ya upako kwenye kizingiti cha duka

Dada wa Mbuyuni, Moshi, uliyeuliza kama umwage mafuta ya upako mlangoni kila asubuhi ili kijicho cha jirani kisikupate: hapana, tunza hela yako. Yakobo 5:14 inataja mafuta kwa mgonjwa, wazee wa kanisa wakimwombea. Kizingiti hakimo.

Anza na Yakobo 4:7. Wengi hukariri "mpingeni Shetani" na kuruka kipande cha kwanza, "mtiini Mungu", halafu wanashangaa kukemea pepo usiku kucha hakuzai kitu. Mizani ya dukani imechezewa? Irekebishe kwanza, maana dirii (vazi la vita la kukinga kifua) ya Waefeso 6:14 ni haki. Kisha shika andiko moja linalojibu hofu yako yenyewe, mfano Zaburi 27:1, ulitamke hofu inapokuja. Yesu jangwani alimjibu Ibilisi mara 3, zote kwa Kumbukumbu la Torati (wala hatusomi kwamba alipiga kelele).

Usipigane peke yako; Waefeso 6:18 inataka kuwaombea watakatifu wote, yaani waumini wenzako, kwa hiyo jumuiya ya kanisani usiikwepe. Jirani naye mwombee, kwani kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Na kufuli zuri nunua.