Kabla ya kulipia kituo cha baada ya shule, kakione saa kumi na mbili jioni

Watoto wetu wa shule ya msingi wanatoka darasani mchana, wengi saa nane au saa tisa. Sisi tunaofanya kazi mjini na kuishi Kinyerezi, Mbezi au Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, tunafika nyumbani saa moja jioni, na siku ya mvua hata saa mbili. Hapo katikati kuna mtu anamlea mwanao. Kwa wazazi wetu mtu huyo alikuwa bibi, shangazi au jirani. Kwa wengi wetu siku hizi ni kituo cha kulipia: chumba ndani ya shule, nyumba ya kupanga mtaani, au dei kea ya wadogo iliyoanza kupokea na wakubwa. Wanangu wawili wamekulia kwenye vituo hivyo, na wazazi wenzangu huniuliza mara kwa mara nichague kipi, niangalie nini. Mimi huwaambia waangalie saa ya mwisho.

Asubuhi kila kituo kinapendeza. Mwenye mradi yupo, sakafu imepigwa deki, na utaonyeshwa ratiba yenye Kiingereza, kompyuta na karate. Wewe nenda saa kumi na mbili jioni bila kutoa taarifa, wakati bosi ameshaondoka, watoto wamechoka na walezi wamechoka zaidi yao. Ukiingia getini ukafika mpaka walipo watoto bila mtu kukuuliza wewe ni nani, geuka urudi nyumbani, huna haja ya kuona kingine. Ukiulizwa, shukuru, jitambulishe, kisha tazama. Walezi wamekaa na watoto, au wako upande wa pili wa ua na simu mkononi? Mdogo kuliko wote yuko na nani? Aliyepitiwa na usingizi amelazwa kwenye godoro, au ameinamia meza na begi likiwa ndiyo mto wake?

Halafu omba kuonyeshwa choo cha watoto. Hapa sitaki kupita haraka.

Binti yangu alipokuwa darasa la kwanza alikuwa akifika nyumbani anatupa begi mlangoni na kukimbilia chooni, kila siku. Jumamosi moja nikimsuka nikamwuliza taratibu. Akasema mlango wa choo cha kituoni haufungi, na kaka wa darasa la sita wanausukuma huku wakicheka, kwa hiyo yeye hubana mpaka afike nyumbani. Mchana kutwa. Na ili asibanwe, alikuwa ameacha kunywa maji, kwenye joto hili la Dar. Mtoto anayeishi hivyo yuko karibu sana na maambukizi ya njia ya mkojo. Kituo chenyewe kilikuwa na sifa na ada yake si ndogo. Nilipozungumza na msimamizi aliniambia watoto ni watoto, wanataniana tu. Komeo linauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi na fundi analifunga kwa dakika chache, lakini mimi sikuwa tena na hoja ya komeo. Hatua chache kutoka alipokuwa amekaa mtu mzima, mtoto mdogo alikuwa akiteswa na hofu kila siku, na mtu huyo alipoambiwa hakushtuka. Nikamtoa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo kagua: mlango ufungike, komeo liwe kwenye kimo cha mtoto, maji na sabuni viwepo jioni na si asubuhi tu, na wakubwa wawe na choo chao mbali na wadogo. Uliza pia nani anawasindikiza wadogo.

Kituo alichohamia hakina hata bango. Ni uani kwa mwalimu mstaafu, pana mkeka, pana mwembe, na pana anti wawili ambao watoto wanawajua kwa majina na wao wanajua nani hali maharage na nani anaogopa mbwa. Mtoto akifika anabadilisha sare, ananawa, anakula. Anayetaka kulala analala. Kazi za shule zinafanywa kwa muda mfupi alasiri, halafu ni rede, kamba na mpira mpaka jua lizame.

Najua baadhi yenu hapo mtanipinga, maana mnataka kituo kiwe tuisheni. Mimi msimamo wangu hautikisiki. Mtoto wa darasa la pili aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, akikalishwa tena kwenye dawati mpaka magharibi, haongezi akili, anachoka tu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kupumzika na kucheza kuwa haki, katika ibara ya 31. Tuache kuona mchezo kama zawadi ya aliyemaliza hesabu.

Chakula: wengi wetu tunafunga wali kwenye hotipoti alfajiri ili uliwe saa nane. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hotipoti ikishapoa inakuwa chombo cha vuguvugu tu. Afadhali kulipia chakula kinachopikwa kituoni mchana huohuo, hata kama ni uji na ndizi za kuchemsha.

Na matairi ya kuchezea. Yanapakwa rangi, yanapendeza, yakinyeshewa yanashika maji, na mbu wa dengi huzaliana humo. Mbu huyo anauma mchana na jioni, saa zilezile wanazocheza watoto. Dar tumeona milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Waombe wayatoboe chini maji yatoke. Wakikubali siku hiyohiyo, umejua ni watu wa namna gani.

Kuhusu fimbo, uliza waziwazi siku ya kwanza, mbele ya walezi wenyewe. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko zinampa ruhusa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa makubwa, na visizidi vinne. Anti wa kituo cha jioni hayumo humo. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili kwa mtoto. Wakikujibu "tunawachapa kidogo tu wale watundu", usilipe.

Andika majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mwanao, pamoja na namba zao za simu, na sema kwamba asiyekuwemo asipewe mtoto hata akijiita mjomba. Bodaboda aliyezoeleka naye bado ni mtu wa kuandikwa.

Baada ya hapo kazi inabaki kwako kila jioni. Ukimwuliza mtoto "kituoni kulikuwaje?" atakujibu "kuzuri" na mazungumzo yameisha. Mwulize nani alilia leo, anti alikaa wapi, nani alikunawisha mikono, nani alikuwa wa mwisho kuchukuliwa. Mtoto anasimulia habari za mwenzake kabla hajafikia za kwake.

Ukisikia jambo dogo, anza na mwenye kituo, na baada ya mazungumzo mtumie ujumbe wa maandishi. Asiposikia, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ipo, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Ukisikia kwamba mtoto ameguswa mwili wake vibaya, usianze na mwenye kituo na usikubali kikao cha kuyamaliza. Usimwogeshe, mpeleke hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na toa taarifa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.

Neno langu jingine ni kuhusu hao anti. Mlezi anayebaki na mwanao mpaka saa mbili kwa sababu barabara imefungwa na foleni, naye ana nyumba, ana watoto, na daladala za kwao zinapungua. Kubalianeni mapema malipo ya kuchelewa, na mwombe mwenye kituo hela hiyo iende kwa aliyebaki, siyo ofisini. Ukiona utachelewa, piga simu kabla giza halijaingia, zungumza na yeye, kisha omba uzungumze na mtoto.