Maana ya "quixotic" kwenye riwaya za Kiingereza

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mhusika mwema ameitwa "quixotic" wakati kamusi yako inasema ni mtu wa ndoto zisizotekelezeka. Kamusi haijakosea, imepunja tu. Asili yake ni Don Quixote, riwaya ya Cervantes, mwandishi Mhispania aliyetoa sehemu yake ya kwanza mwaka 1605. Mhusika mkuu, Don Quixote, ni bwana wa makamo aliyesoma visa vya mashujaa wapanda farasi mpaka akili ikamruka, akavamia vinu vya upepo kwa mkuki akidhani ni majitu. Kichekesho, ndiyo, lakini nia yake ilikuwa safi. Basi mwandishi wako anamcheka mhusika huku anampenda. Kwenye insha litumie hata kwa mpango au kampeni. Tapeli mwenye ndoto kubwa halimfai. Na anza na herufi ndogo.