Tuzo ya Booker ya 2024 ni ya Orbital, si James
Ndugu uliyesema James ndiyo iliyoshinda Booker, ile tuzo kubwa ya riwaya za Kiingereza: hapana, ya 2024 ilikwenda kwa Orbital ya Samantha Harvey. James ya Percival Everett ilifika kwenye orodha ya mwisho ya vitabu sita tu, ila ikazoa tuzo za Marekani, National Book Award mwaka huohuo na Pulitzer mwaka 2025, ndiyo maana watu wanavichanganya.

Ukiwa na hela ya kimoja, chukua James. Ni safari ya Huckleberry Finn, riwaya ya zamani ya Mark Twain, ikisimuliwa na mtumwa Jim mwenyewe, anayejua Kiingereza safi lakini mbele ya wazungu anakivunja makusudi. Nilicheka ndani ya teksi ya Ntinda, Kampala, mpaka konda akaniuliza kulikoni. Baadaye hakichekeshi tena, jiandae. Orbital ni kifupi: wanaanga sita, siku moja, mizunguko 16 kuizunguka dunia. Lugha tamu, matukio karibu hakuna, kwa hiyo asiye na subira apite.

Kwa wapenda hadithi fupi, Heart Lamp ya Banu Mushtaq, mshindi wa International Booker 2025 (tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa), tafsiri kutoka Kikannada, lugha ya India.

Kwa historia, Slow Poison ya Mahmood Mamdani (2025), kuhusu Amin na Museveni wa Uganda. Hiki utabishana nacho, hasa anavyomtazama Amin, na wazee wa nyumbani watabishana na wewe.

Ila nakala za bei ya chee za barabarani kagua kurasa kwanza. Yangu iliruka sura nzima.