Mawe ya asili yenye maumbo tofauti: nilaze juu ya mchanga au simenti?

Swali: Fundi, nimenunua mawe bapa ya asili, hakuna jiwe linalofanana na lingine, mengine membamba kama sm 2 mengine yanafika sm 5. Nataka sehemu ya kukaa bustanini, kama mita 3 kwa 4, imegusana na nyumba. Jirani kaniambia nimwage mchanga tu nipange juu. Ni sawa? Na mapengo nijaze nini?

Jibu: Dada, jirani hajakosea sana, ila ushauri wake unafaa njia ya kupita tu, tena kwa mawe makubwa mazito ya kuanzia sm 4, ambayo ukikanyaga pembeni hayanyanyuki upande wa pili. Sehemu ya kukaa ni kitu kingine kabisa, kuna meza, kuna viti vinavutwa huku na huku, na hayo yako ya sm 2 juu ya mchanga yatacheza halafu yatapasuka. Laza kwenye simenti.

Kwanza tafuta jiwe nene kuliko yote, maana hilo ndo linapanga hesabu. Lako ni sm 5, chini yake mchanganyiko wa mchanga na simenti usipungue sm 3, hapo ni 8, ongeza sm 10 za kifusi au kokoto iliyoshindiliwa, kwa hiyo unachimba sm 18 kutoka pale juu unapotaka uso uishie. Na huo uso ukae sm 15 chini ya ule utando wa kuzuia unyevu ukutani, usije ukapandisha maji ukutani bure. Kifusi usimwage chote kwa mpigo, weka nusu, shindilia, weka nusu nyingine, shindilia tena. Mteremko upe hapohapo kwenye kifusi, uelekee mbali na nyumba, sm 1 kwa kila sm 60 hivi, yaani kwenye mita 3 mwisho unashuka sm 5. Mawe haya yana mabonde usoni, ukibana mteremko maji yanatuama.

Sasa sehemu ambayo watu wanairuka kwa uvivu: panga mawe yote makavu kwanza, bila simenti. Yote. Makubwa yenye upande ulionyooka yaende pembeni maana vidogo vya pembeni ndo vinang'oka mwanzo, halafu ingia ndani ukichanganya makubwa na madogo. Mapengo yawe kati ya sm 1 na 2.5. Angalia kona nne zisikutane sehemu moja, na pengo lisinyooke likapita mawe matatu manne kama reli, jicho linaliona hilo kabla ya kuona mawe yenyewe. Ukilazimika kukata kona tumia patasi na nyundo, na miwani vaa, kipande cha jiwe hakina huruma. Ukiridhika piga picha kutoka juu, andika namba kwa chaki, ndo uanze kuinua.

Kulaza anza na yale manene. Mimi kazi zangu za mwanzo nilianza na membamba kwa sababu ni mepesi kubeba, nilipofika kwenye manene yakawa yamesimama juu kama meno, nikang'oa karibu nusu ya kazi. Jiwe jembamba unaliongezea mchanganyiko chini linapanda, nene utalishushaje? Changanya mchanga 4 kwa simenti 1, maji kidogo, ukikamata ngumi donge linakaa na kiganja hakilowi. Osha vumbi mgongoni mwa jiwe, lipake uji mzito wa simenti, laza, gonga kwa nyundo ya mpira mpaka lifike kwenye kamba uliyovuta kuonyesha uso unapoishia. Mchanganyiko ujae chini yote, ule mtindo wa kuweka madonge matano kwenye kona na katikati achana nao. Kesho yake gonga kila jiwe kwa mpini wa mwiko, likilia mlio wa uwazi kama debe tupu, inua ulaze upya, kwa sababu hapo ndo litakapopasukia.

Mapengo jaza baada ya siku moja au mbili, mchanga 3 kwa simenti 1, mkavukavu vilevile, sukumia kwa mwiko mwembamba hadi ushikane chini, usimwage juu ukafagia. Simenti ikigusa uso wa jiwe futa kwa sponji mbichi palepale. Ikishakauka watu wanakimbilia asidi, na kama jiwe lako ni la chokaa asidi inalila, utaona linatoa povu. Funika na magunia mabichi siku chache kama jua ni kali, na meza nzito isubiri wiki.