Ukifungua injini, pima kwanza ndo uagize pistoni

Nyie mnaoanza kufungua injini kuna kitu mnakifanya sana, silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ikishatoka tu mtu anaingiza kidole ndani ya silinda, anasikilizia, anasema "hii bado nzima, tuweke ringi tu", yaani zile duara za chuma zinazovaa pistoni. Jamani, kidole hakipimi. Kitakuonyesha mkwaruzo mkubwa, kitakuonyesha ukingo kule juu, basi. Mambo tunayotafuta humu ndani ni ya 0.05 mm, unywele wa kichwani huo, na hapo hapo ndo injini inaanza kula oili na kutoa moshi.

Huo ukingo wa juu ndo wa kuanza nao. Ringi ya juu haifiki mpaka mdomoni, kwa hiyo zile milimita chache za juu kabisa hazilikagi, zinabaki na saizi ya kiwandani, na chini yake tu ndo pameliwa kuliko popote. Pale pana joto kali, oili inafika kidogo, moto unaisukuma ringi kutokea nyuma ijibane ukutani, alafu pistoni yenyewe inasimama kidogo kabla ya kugeuka kushuka, utando wa oili unakatika. Kama pistoni unazitolea juu, uchonge huo ukingo kwanza, ukilazimisha utapasua kuta nyembamba zinazoshika ringi. Na ukiuacha alafu ukafunga ringi mpya, ringi mpya ina kona kali, inaenda kugonga ukingo na kuvunjika.

Sasa ndo maana vernia, kile kipimo chenye taya, haifai kwa kazi hii. Vernia inashika mdomoni, na mdomoni ndo hapajalika! Utasoma saizi nzuri kabisa ufurahi bure. Tumia boa geji, kipimo cha mshale cha kupimia kipenyo cha ndani, iseti sifuri kwa maikromita kwa saizi ya standadi, yaani ya kiwandani, ukiwa ndani iyumbishe taratibu mbele nyuma usome pale mshale unapogeuka, maana ikilala kidogo tu inadanganya. Pima sehemu tatu, juu pale ringi ya kwanza inapogeukia, katikati, na chini, na kila sehemu pima mara mbili, kufuata urefu wa krenki (ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na kuikata krenki. Kwanini mara mbili? Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ikiwa imelala inaisukuma pistoni pembeni, kwa hiyo silinda inalika zaidi upande unaokata krenki na inakuwa na shepu ya yai. Namba sita kwa kila silinda, andika zote kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Tuseme standadi ni 80.00 mm. Umepata juu kukata krenki 80.14, juu kufuata krenki 80.09, chini 80.03. Yai lako ni 0.05, na tofauti ya juu na chini ni 0.11. Hiyo ya pili wengi hawaijali ila ndo inayoua ringi mpya, kwa sababu kipenyo kikiongezeka 0.1 mdomo wa ringi, ile nafasi pale ringi ilipokatwa, unafunguka kama 0.31, yaani mara tatu na kitu, na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika ringi inafunguka na kujifunga mara 50 kwa sekunde moja. Hapo hata ringi iwe ya bei gani haikai. Kikomo chenyewe angalia kitabu cha injini hiyo, usichukue cha injini nyingine hata kama zinafanana.

Alafu kuna huu mtego. Imelika 0.14, mtu anasema ovasaizi ya 0.25, yaani pistoni iliyozidi standadi kwa 0.25, inatosha. Inaweza isitoshe bana. Kuchonga 0.25 maana yake ni 0.125 kila upande, na kulika hakugawanyiki sawa, upande mmoja unaweza ukabeba karibu yote. Mchongaji akikaa kwenye senta ya zamani atafika saizi na bado pana kidoa cha zamani hakijaguswa. Sasa kama pistoni za 0.25 umeshanunua unafanyaje? Ndo nasema pima, mpe mchongaji namba, akubali saizi, ndo uagize. Na silinda mbaya kuliko zote ndo inaamua saizi ya zote.

Pistoni zikifika usimwambie mchongaji "chonga 0.50" umwachie bloku (kiwiliwili cha injini chenye silinda) uondoke. Mpelekee pistoni zenyewe. Anatakiwa azipime, aongeze ile nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda iliyoandikwa kitabuni, kila silinda ichongwe kwa pistoni yake na ziandikwe namba. Na wewe zipime kabla, kwenye skati, ule upande wa chini wa pistoni, nyuzi 90 kutoka kwenye pini inayoshika pistoni na konrodi, kwa kimo kilichoandikwa kitabuni. Usipime kichwani mwa pistoni, kichwa kimechongwa kiwe kidogo makusudi kwa sababu ndo kinapata moto zaidi, utapata nafasi kubwa ambayo haipo. Na usipime pistoni iliyokaa juani na bloku iliyokaa kivulini. Pistoni ya alumini ya 80 mm ikipanda nyuzi 10 za joto inaongezeka kama 0.018 mm, na kama nafasi unayotafuta ni 0.04, karibu nusu yake imeshaliwa na jua. Viache vyote usiku mzima chumba kimoja, asubuhi ndo upime.

Nafasi ikiwa kubwa utasikia pistoni inagonga asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikishapata moto inanyamaza. Inavumilika kwa muda. Ikiwa ndogo ndo balaa, pistoni inavimba, inakwaruza ukuta, inang'ang'ania, kazi yote inarudi mwanzo.

Ringi nazo usiziamini boksi lake. Iingize ringi peke yake kwenye silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, ishushe mpaka chini ambako hapajalika sana kama silinda haijachongwa, pima mdomo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vyenye unene ulioandikwa. Mdomo ukiwa mdogo kuliko kitabu, piga tupa kidogo kidogo ukielekea ndani, usitoke nje.

Mwisho bloku ikitoka kuchongwa usiioshe kwa petroli tu. Petroli inatoa oili lakini unga wa mawe ya kuchongea unabaki kwenye ile mistari ya kupishana ukutani mwa silinda, na unga huo ni msasa. Maji ya moto, sabuni, brashi, sugua, kausha, pitisha kitambaa cheupe chenye oili, kikitoka na kijivu rudia kuosha. Kikitoka cheupe paka oili hapo hapo, ukichelewa kidogo kutu inaanza.