Mkanda wa karate ni ushahidi: jibu kwa mwalimu anayeshinikizwa kufaulisha

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mwalimu wa karate ya Shotokan katika shule moja ya mtaani hapa Tanga. Nafundisha watoto na vijana jioni. Kila baada ya miezi michache tunafanya mtihani wa mikanda, ambao rangi yake huonyesha daraja la mwanafunzi: mzazi analipa ada, nami napata posho kwa kila mtoto ninayemtahini. Mwenye shule ameniambia kwamba mtoto aliyelipiwa asianguke, maana akianguka mzazi atamhamisha. Basi nimekuwa nikitia saini vyeti vya watoto ambao moyoni najua hawajafika. Na wapo wengine waliokwisha kufika siku nyingi, ila kwao hawana hela ya mtihani, wamebaki na mkanda uleule. Je, posho yangu ni halali? Na saini zangu zina hukumu gani? La pili, tunafungua na kufunga mazoezi kwa kuinama mbele ya picha ya mwanzilishi iliyotundikwa ukutani. La tatu, kwenye kumite, yaani mapambano ya wawili wawili, vijana hupigana ngumi za uso. Ndugu mmoja msikitini ameniambia karate yote ni haramu, niache kabisa. Nifanye nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, neno la huyo ndugu wa msikitini nalianza kwa ufupi. Asili ya mambo ya dunia ni halali mpaka ije dalili ya kuyakataza, na mazoezi ya kujikinga hayana dalili hiyo. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri yake, hadithi hii ameipokea Muslim. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume, naye Mtume akamsitiri Bibi Aisha huku akiwatazama, na hilo limo katika Bukhari na Muslim. Ama kusema karate imetoka kwa wasiokuwa Waislamu, handaki lililochimbwa Madina mwaka wa 5 wa Hijra lilikuwa mbinu ya Waajemi aliyoileta Salman al-Farisi, na Mtume hakuikataa kwa asili yake. Karate yenyewe ilikulia katika kisiwa cha Okinawa. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufanya kazi ya ualimu wa shule, aliipeleka Tokyo mwaka 1922 na kuieneza Japani. Haya ni mambo ya ada na ujuzi wa mwili. Hukumu yake inafuata yanayofanywa ndani yake, na ndiyo maana maswali yako matatu ni ya msingi kuliko kauli ya kuharamisha kila kitu.

Sasa nije kwenye saini zako, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo ninapoiona hatari juu ya dini yako.

Mkanda wa rangi hauna thamani kwa kitambaa chake. Ngazi hizi hazikuwa za karate tangu mwanzo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, ndiye aliyeanza kutoa daraja za dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, mwaka 1883, na Funakoshi akaufuata utaratibu huo, akatoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Kabla ya hapo watu wa Okinawa walifunzwa miaka na miaka bila mkanda wa rangi kiunoni, na mwalimu alimjua kila mwanafunzi wake alipofikia. Ulipokuja mkanda, ule ujuzi uliokuwa kifuani mwa mwalimu ukawekwa hadharani ili na asiyemjua mtoto yule aujue. Kwa hiyo unapomfunga mtoto mkanda wa kijani na kutia saini cheti chake, unashuhudia mbele ya mzazi, mbele ya shule nyingine atakayohamia, na mbele ya mtoto mwenyewe, kwamba umemwona na ameweza. Huo ni ushahidi, na ukiwa wa uongo unaitwa kwa jina lake.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba: nisiwaambie dhambi kubwa kuliko zote? Akataja kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kuwaasi wazazi wawili. Alikuwa ameegemea, akakaa sawasawa, akasema: na neno la uongo, na ushahidi wa uongo. Akalirudia mpaka wakatamani angenyamaza. Imo katika Bukhari na Muslim. Sikutajii hadithi hii ili nikukatishe tamaa. Nakutajia kwa sababu wengi hudhani ushahidi wa uongo ni wa mahakamani tu, mbele ya kadhi, na huku wanatia saini kila siku.

Iko hadithi nyingine ambayo kwa mwalimu wa mikanda naiona inafika moja kwa moja. Amesema Mtume (s.a.w.): mwenye kujionyesha ameshiba kwa kitu ambacho hakupewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Nayo wameipokea Bukhari na Muslim. Mtoto asiyejua lolote hana dhambi, amevalishwa tu. Aliyemvalisha ndiye mwenye kuulizwa.

Wanazuoni husema hukumu ya jambo hujengwa juu ya kulifahamu, basi kabla ya kukujibu nilimwomba mwalimu mmoja wa karate anionyeshe kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ya kwanza wanayotahiniwa watoto, ile ya Heian Shodan yenye miondoko 21. Akaniambia niangalie mwondoko wa kwanza tu. Mtoto anageuka kushoto, mkono unashuka kukinga juu ya goti la mbele, goti hilo limekunjwa, mguu wa nyuma umenyooka na kisigino kimekaa chini, na ngumi ya mkono wa pili imerudi nyongani. Kisha akamwita mtoto mwingine: kisigino kikainuka, ngumi ya pili ikabaki inaning'inia mbele ya tumbo, na alipofika kwenye ule mgeuko wa kuzunguka nyuma akapepesuka. Mimi si mwanakarate, lakini baada ya kuonyeshwa mara moja niliiona tofauti. Basi wewe uliyefundisha miaka huwezi kusema hukuona. Ukikosea katika jitihada yako, ukadhani amefika kumbe bado, huna dhambi. Lakini umeandika mwenyewe kuwa moyoni unajua.

Na madhara yake si ya karatasi tu. Kijana aliyepewa mkanda wa kahawia, ulio chini ya mweusi, bila kuustahiki ataachiwa wadogo awafundishe, naye atawarithisha makosa yake. Mwingine ataamini anaweza kujitetea, akasimama mbele ya kibaka mwenye kisu badala ya kukimbia. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na wewe una sehemu katika madhara hayo kwa kumpa mtoto wa watu imani isiyo na msingi.

Hili si geni kwetu sisi watu wa madrasa. Mwalimu wa chuoni hamvushi mtoto sura kwa sababu baba yake ameleta ada. Humrudisha kwenye herufi ileile mpaka makhraji yake, yaani mahali inapotamkiwa, yatengenee. Na Imam Malik amepokewa akisema kwamba hakutoa fatwa mpaka walipomshuhudia watu sabini kuwa anafaa. Watu wetu wa zamani waliogopa kupewa daraja kabla ya wakati wake kuliko walivyoogopa kuikosa.

Sasa wale watoto waliofika na wakazuiliwa kwa sababu ya umaskini. Ndugu yangu, hawa umewataja kwa maneno machache, lakini mimi wamenishughulisha kuliko wale wa kwanza. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu na jamaa, kisha akamtaja tajiri na maskini kwa majina yao, kwamba Yeye ndiye mwenye haki zaidi juu yao wote wawili. Yaani utajiri wa mtu usikupindishe na umaskini wake usikupindishe. Katika shule yenu vimepinda vyote viwili: wa mwenye nacho anapandishwa asipofika, na wa asiye nacho anazuiliwa baada ya kufika. Na katika Suratu Hud, aya ya 85, Nabii Shuaib (a.s.) anawaambia watu wake wasiwapunguzie watu vitu vyao. Juhudi ya mtoto yule ni kitu chake. Anakuja kila jioni, anasimama mstari wa nyuma na mkanda wake mweupe uliochakaa, na anamwona aliyeanza jana yuko mbele yake. Mtahini bila malipo. Kama shule haitatoa cheti bila ada, itoe wewe katika posho yako au uwaombe watu wa kheri. Na hilo litakuwa sadaka yenye kuonekana.

Kuhusu posho. Kuchukua ujira wa kufundisha karate ni halali, na ujira wa kutahini pia ni halali, kwa sharti kwamba unalipwa kwa kazi ya kumtazama mtoto na kusema kweli juu yake, awe amefaulu au ameanguka. Pesa ikilipwa ili matokeo yawe fulani, hiyo imetoka kwenye ujira na kuingia kwenye rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa. Mshahara wako wa kufundisha jioni usiwe na shaka nao. Ile posho ya watoto uliowafaulisha kwa kujua, kazi yake uliifanya nusu: ulitazama lakini hukusema kweli. Naona njia ya kujitoa ni kuwatahini upya bila kuchukua chochote, na wanaohitaji uwafundishe mpaka wafike pale ambapo saini yako ilisema wamefika. Usimvue mtoto mkanda mbele ya wenzake. Huko ni kumfedhehesha kwa kosa lisilo lake. Mwache nao, mwambie mzazi wake faraghani kwamba mwanawe bado ana upungufu huu na huu, na kwamba hatapanda tena mpaka autimize. Anayetaka kurudishiwa ada yake, ana haki hiyo. Fuatilia kwa mwenye shule arudishiwe, na sehemu iliyoingia mfukoni mwako irudishe wewe.

Mwenye shule mwendee peke yake, kwa upole. Mshauri ada ya mtihani itangazwe wazi kuwa ni ya kutahiniwa, na anayeanguka apewe nafasi ya kurudia bila kulipa tena. Hapo hata mzazi hatakuwa na sababu ya kukasirika, kwa sababu hatahisi ameliwa pesa zake. Akikataa, endelea kufundisha lakini usitie saini. Akikufukuza kwa ajili hiyo, Mwenyezi Mungu ameahidi katika Suratut Talaq kumjaalia mwenye kumcha njia ya kutokea na kumruzuku kwa namna asiyoitazamia. Mwalimu mwenye mkanda mweusi anaweza kufundisha hata uani kwake.

Ama kuinama. Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba mtu mmoja aliuliza: mmoja wetu akikutana na ndugu yake, amwinamie? Mtume akajibu: hapana. Imam Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafi amesema kuinamisha mgongo wakati wa kusalimiana ni makuruhu, na wako wanazuoni waliolikataza kwa ukali zaidi. Hayo ni kwa mtu aliye hai mbele yako, kwa nia ya salamu. Kuinamia picha iliyo ukutani ni jambo zito zaidi, na zito kuliko yote ni ile ya kupiga magoti, kuweka viganja sakafuni na kushusha paji la uso kuielekea, kwa sababu umbo lake ni umbo la sujudi, na sujudi ya heshima Mtume alimkataza swahaba wake Muadh asimfanyie hata yeye. Hii iacheni kabisa, na picha ni bora ishushwe. Kwa salamu baina yenu, simameni wima, mkono kifuani, mseme Assalaamu alaykum. Mwanafunzi asiye Mwislamu msimlazimishe salamu yenu. Na kwenye mashindano ambako muamuzi anadai heshima kabla ya pambano, kutikisa kichwa kidogo bila kukunja mgongo kunatosha.

La mwisho ni ngumi za uso. Hapa hadithi iko wazi, katika Bukhari na Muslim: akipigana mmoja wenu na ndugu yake, basi auepuke uso. Kama uso unaepukwa wakati wa ugomvi, basi katika mazoezi ni zaidi. Kanuni zenyewe za mashindano ya karate zinataka pigo la usoni lidhibitiwe, wala lisishushwe kwa nguvu. Katika Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza fainali ya uzito wa zaidi ya kilo 75. Teke lake likampiga Sajjad Ganjzadeh wa Iran, akalala bila fahamu na kutolewa ukumbini kwa machela. Hamedi akaondolewa kwa kukosa udhibiti, na dhahabu akapewa aliyeangushwa. Ikiwa wasioitazama hadithi yetu wanamnyima mtu dhahabu ya Olimpiki kwa jambo hilo, sisi tunaoifuata tuna udhuru gani?

Basi wafundishe vijana kulenga kifua na tumbo. Ikibidi wajifunze pigo la juu kwa ajili ya kujikinga, lipigwe kwenye mto wa mazoezi, na mbele ya mwenzake lisimame kabla ya kugusa. Watoto wadogo msiwaruhusu kabisa. Na udhibiti huu uuweke katika mtihani: kijana mwenye kata nzuri ambaye ameonywa na bado anamgonga mwenzake usoni hajafika, hata kama ada yake imelipwa yote.

Wallaahu a'lam.