Upele hauui, mbona unahesabiwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana hapa Tanga. Tangu muhula uanze silali kwa sauti ya kucha. Wanajikuna katikati ya vidole, viunoni, makwapani. Niliwapaka BBE, ile dawa ya majimaji ya kupaka upele, kumi na mmoja. Wiki tatu hazijaisha, wanaojikuna ni kumi na tisa. Mhasibu wa shule anasema upele haujamzika mtu, pesa ya dawa isubiri. Lakini redioni nimesikia upele unapimwa dunia nzima. Ugonjwa usioua unapimwaje?

JIBU: Marahaba, matroni. Mhasibu wako anahesabu makaburi tu. Wanaopima mzigo wa magonjwa duniani huhesabu pia muda ambao mtu anaishi akiumwa. Kila ugonjwa hupewa uzito: 0 ni afya kamili, 1 ni sawa na kufa. Upele umepewa 0.027. Zidisha kwa siku 365, utaona binti anayejikuna mwaka mzima amepokonywa kama siku 10 za afya. Kidogo, eti? Haya, zidisha tena kwa watu zaidi ya milioni 200, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria wana upele wakati wowote ule. Mwaka 2017 shirika hilo liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Mimi naona hata hesabu hiyo inapunja. Wahenga wana upele wao wa asiye na kucha; wasichana wako wanazo, na hapo ndipo balaa lilipo. Kucha hufungua ngozi, bakteria wanaingia, vidonda vinatunga usaha, na baadhi ya bakteria hao huishia kudhuru figo. Mgonjwa akifa, cheti kitasema figo.

Halafu kuna sisi waandishi wa rejesta. Nikiwa afisa tabibu kijana, kwenye zahanati moja, niliandika “mzio” miezi mingi, mpaka mama mmoja alipoleta watoto watatu waliolala kitanda kimoja. Nilishika mkono wa mdogo nikauelekeza dirishani: kati ya vidole kulikuwa na kijistari cha kijivu, kama kipande cha uzi. Ni njia aliyochimba mdudu wa upele, anayeishi ndani ya ngozi. Wagonjwa wangu wote wa “mzio” hawamo katika hesabu ya upele ya mtu yeyote.

Sasa bweni lako. Anayeupata mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo uliowaacha bila dawa ndio waliowarudishia wenzao. Huko Fiji, katika utafiti uliochapishwa 2015, katika jamii za visiwani ambako watu karibu wote walipewa kwa pamoja ivamektini, dawa ya kumeza ya upele, wenye upele walishuka kutoka asilimia 32 hadi chini ya 2 katika mwaka mmoja. Walikotibiwa wagonjwa na watu wao wa karibu tu, walibaki karibu asilimia 19.

Kwa hiyo wapake BBE wasichana wote wa bweni siku moja, wasiojikuna nao, shingoni hadi nyayoni, wewe mwenyewe ukiwemo. Mganga wa kituo chenu atakuambia lini mrudie. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo. Na leo usiku pita na daftari, uandike vitanda vingapi vinajikuna na wangapi walisinzia darasani. Karatasi hiyo mpelekee mhasibu.